Wanaolipa Bila Kupita Kibandani: Barabara za Tozo na Majirani Zake

Mradi wa barabara ya kulipia unapotangazwa, hesabu zote humlenga mwenye gari: atalipa kiasi gani, ataokoa dakika ngapi, foleni itapungua vipi. Ramani inayobandikwa kwenye ukumbi wa mkutano huwa na mstari mmoja mnene, na kando yake nafasi nyeupe. Ndani ya nafasi hiyo nyeupe wanaishi watu. Wengi wao hawataitumia barabara hiyo hata mara moja kwa mwezi, lakini itawafikia kila siku: malori yanayokwepa tozo, maji yaliyogeuzwa njia, kivuko kilichozibwa, wateja waliohamia upande wa pili wa uzio.

Karibu yote hayo huamuliwa mapema, mezani, kwa maswali machache. Kibanda kikae wapi? Milango ya kuingia na kutoka iwe mingapi? Lori litozwe kiasi gani? Watu wavukie wapi? Mkataba umfunge nani, na kwa miaka mingapi? Mtaa unaoyajua maswali hayo kabla michoro haijasainiwa unaweza kubadilisha majibu. Zege likishamwagwa, kusogeza kibanda kilomita tatu ni gharama ambayo hakuna anayekubali kuibeba.

Mahali pa kibanda

Kuna mifumo miwili mikuu ya kukusanya tozo. Katika mfumo wa wazi, vibanda vinawekwa kwenye barabara yenyewe, kila baada ya umbali fulani, na kila anayepita hapo hulipa kiwango kimoja. Katika mfumo uliofungwa, unachukua tiketi unapoingia, na unapotoka unalipa kwa kilomita ulizotembea. Kwa msafiri wa mbali tofauti ni ndogo. Kwa jirani ni kubwa sana.

Kwenye mfumo wa wazi, mzazi anayeishi kilomita mbili upande huu wa kibanda, na shule ya mtoto iko kilomita mbili upande ule, hulipa sawasawa na aliyetoka kilomita 50, tena kwenda na kurudi. Wakati huohuo mtu mwingine anaweza kuingia baada ya kibanda kimoja na kutoka kabla ya kile kinachofuata asilipe chochote. Kibanda kikiangukia kati ya makazi na hospitali au soko, mgogoro umeshaanza. Huko Puente Piedra, kaskazini mwa Lima, mji mkuu wa Peru, kibanda kilichowekwa ndani ya wilaya yenyewe kilizua maandamano na vurugu Januari 2017, mpaka utozaji ukasitishwa upande mmoja.

Mfumo uliofungwa una haki zaidi kwenye bei, ila una ugonjwa wake. Kila mlango unahitaji vibanda, wafanyakazi, umeme na ardhi, kwa hiyo mwekezaji hupunguza milango. Milango inaweza kuachana kwa kilomita 15 au 20. Vijiji vya katikati vinabaki na kelele na moshi wa barabara ambayo havina pa kuingilia. Japani ilipata dawa nzuri ya hili miaka ya 2000: milango midogo isiyo na mhudumu, mingi ikiunganishwa na maeneo ya mapumziko ambayo tayari yapo, inayofunguka kwa gari lenye kifaa cha kielektroniki tu. Mlango wa namna hiyo huhitaji ardhi ndogo na gharama ndogo kuliko makutano kamili. Mtaa unaoambiwa kwamba mlango ni ghali mno uulize kuhusu mlango mdogo kabla ya kukubali jibu.

Njia ya tatu ni kutoza bila kizuizi, kwa kamera na antena zilizofungwa juu ya barabara. Norwei, iliyoanza kutoza kuingia mjini Bergen mwaka 1986, sasa hukusanya kwa namna hiyo. Katika miji yake kadhaa kuna kanuni mbili zinazomlinda mkazi: ukipita vituo kadhaa ndani ya saa moja unalipa mara moja tu, na kuna kikomo cha idadi ya mapito unayotozwa kwa mwezi. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yako ndani ya kilomita kumi, kanuni hizo mbili zina thamani kuliko punguzo la asilimia lolote. Tahadhari moja: mfumo wa kamera usipokuwa na mahali pa kulipia fedha taslimu karibu na makazi, wasio na akaunti ndio watakaorundikiwa faini.

Lori linalotafuta njia ya mtaani

Hapa ndipo jirani huumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dereva anayekwepa tozo anapiga hesabu. Njia ya pembeni ikimchelewesha dakika kumi na kumwongezea lita mbili za mafuta, atalinganisha gharama hiyo na tozo. Tozo ikizidi, anatoka. Kwa lori hesabu hii inasukumwa na mambo mawili. Kwanza, lori hutozwa mara kadhaa ya gari dogo, ilhali dakika linazookoa ni zilezile au pungufu, kwa sababu halikimbii sana hata kwenye barabara nzuri. Pili, wapo wenye malori wanaomkabidhi dereva fedha za safari nzima kwa mkupuo, na kinachobaki ni chake. Tajiri anaweza kuahidi kwenye mkutano kwamba malori yake yatatumia barabara ya kulipia, lakini saa nane usiku anayeamua ni mtu aliyeshika usukani na fedha mfukoni.

Kukwepa hakusambai ovyo. Kunajikusanya kati ya mlango wa mwisho kabla ya kibanda na mlango wa kwanza baada yake. Chukua ramani, weka alama mahali hapo pawili, kisha chora kila njia inayopaunganisha bila kugusa kibanda. Pita kila njia kwa gari, mara moja saa za msongamano na mara moja usiku wa manane, uandike dakika. Njia yoyote inayozidi ile ya kulipia kwa chini ya dakika kumi na tano mimi huihesabu kuwa barabara ya malori ya kesho, hata kama leo watoto wanacheza mpira pale.

Kwa nini lori moja lina uzito hivyo? Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ya tani 10 ni mara 20 ya ekseli ya gari dogo yenye nusu tani. Ishirini kwa kipeo cha nne, yaani 20 × 20 × 20 × 20, ni 160,000. Ekseli moja ya lori huila lami kama ekseli 160,000 za magari madogo. Barabara ya mtaa yenye tabaka jembamba la lami juu ya changarawe haikujengwa kwa hilo. Dalili huja kwa mpangilio: mawimbi kwenye kona na mbele ya matuta, pale lori linapofunga breki; kisha nyufa za ngozi ya mamba kwenye mstari wa magurudumu; kisha mvua inapenya, tabaka la chini linalainika, na shimo linafunguka. Mabomba ya maji yaliyofukiwa kwa kina kifupi hupasuka katika kipindi hichohicho, na mamlaka ya maji huanza kulaumiana na halmashauri.

Ujerumani ilianza kutoza malori kwenye barabara zake za mwendo kasi tarehe 1 Januari 2005. Sehemu ya malori ikahamia barabara za kawaida zinazopita katikati ya miji midogo, na wakazi wakalalamika. Barabara chache zilizoathirika ziliongezwa kwenye tozo mwaka 2007, na kuanzia 1 Julai 2018 tozo ya malori ikaenea kwenye barabara zote kuu za shirikisho. Hispania ilishika njia nyingine: tangu 2013, katika sehemu ya barabara ya N-II mkoani Girona, malori makubwa yalilazimishwa kuhamia barabara ya kulipia ya AP-7, yakipewa punguzo la tozo. Marufuku na punguzo vilikwenda pamoja, na huo ndio ufundi wake. Marufuku peke yake huleta ugomvi na wasafirishaji. Punguzo peke yake halimshawishi dereva ambaye akiba ni yake.

Matuta ndiyo kitu cha kwanza ambacho mitaa huomba. Yafikirie mara mbili. Tuta hupunguza kasi, lakini semitrela tupu ikilipanda usiku, bodi na minyororo hupiga kelele inayoamsha nyumba zote za karibu, na kishindo hupita ardhini hadi kwenye msingi. Kizuizi cha urefu, yaani nguzo mbili na bomba juu yake, hufanya kazi vizuri zaidi dhidi ya malori, lakini kikiwekwa chini ya mita 3 huzuia pia gari la zimamoto na huenda hata gari la wagonjwa. Kijengwe cha kufunguka, chenye kufuli, na funguo zikae zimamoto na kwa mtu wa mtaa anayepatikana saa zote. Nimeona ni heri marufuku ya malori ya kupita tu, yenye ruhusa kwa yanayoshusha mzigo ndani ya mtaa, ikisimamiwa kwa kamera mbili: lori lililoonekana mwanzo wa mtaa na mwisho wake ndani ya dakika chache halikushusha chochote.

Na dawa bora ni ile ya mwanzoni kabisa: kibanda kiwekwe mahali ambapo kukwepa hakuna maana. Karibu na daraja la mto, au kwenye korongo, au katikati ya sehemu ndefu isiyo na barabara sambamba.

Foleni na hewa

Kibanda cha fedha taslimu hupitisha magari 300 hadi 400 kwa saa. Chenye kusoma kifaa cha kielektroniki na kufungua kizuizi hufika 1,000 au zaidi kidogo. Njia isiyo na kizuizi hupitisha 1,800 hadi 2,000. Fanya hesabu hii kwa kituo chochote unachopangiwa. Magari 1,200 yakija kwa saa, na vibanda viko vitatu vya taslimu vinavyopitisha 350 kila kimoja, jumla inayopita ni 1,050. Magari 150 yanabaki. Kila gari kwenye foleni hula kama mita 7.5, mita 1,125 zikigawanywa kwa njia tatu, foleni inarefuka mita 375 kwa saa. Baada ya saa mbili imefika mita 750. Kama kuna mlango wa kutokea mita 500 kabla ya kibanda, foleni imeshauziba, na sasa hata asiyetaka kulipa amekwama, pamoja na gari la wagonjwa.

Magari yanayosimama, kusogea na kuondoka kwa nguvu hutoa moshi mwingi kuliko yanayotembea kwa mwendo sawa. Watafiti Janet Currie na Reed Walker waliliangalia hili mwaka 2011 katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, pale malipo ya kielektroniki yalipoondoa foleni vibandani. Kwa akina mama waliokaa ndani ya kilomita 2 kutoka kibandani, wakilinganishwa na waliokaa kati ya kilomita 2 na 10, kuzaa kabla ya wakati kulipungua kwa karibu asilimia 11 na watoto wenye uzito mdogo kwa karibu asilimia 12. Barabara ilikuwa ileile; kilichoondoka ni foleni. Kwa hiyo mtaa ukiambiwa kwamba kibanda ni kijumba tu cha kukusanyia fedha, ukatae. Kibanda cha taslimu kisikae karibu na shule, zahanati au makazi yenye watu wengi. Moshi wa barabara kubwa huwa mzito zaidi ndani ya mita 300 hadi 500, na ndani ya hapo kila mita 100 ina maana.

Kelele nitaigusa kwa ufupi. Magari yakiongezeka mara mbili, kelele hupanda kwa desibeli 3. Ukuta wa kelele unaokata mstari wa macho kati ya dirisha na barabara hupunguza kama desibeli 5, na kila mita moja inayoongezwa juu ya hapo huleta kama desibeli moja na nusu. Kosa la kawaida ni ukuta mfupi: urefu wake unapaswa kuwa walau mara nane ya umbali kati ya nyumba na ukuta. Nyumba iliyo mita 40 kutoka ukutani inahitaji ukuta wa mita 320, na uwazi mmoja ulioachwa kwa ajili ya geti unaharibu kazi yote.

Kuvuka

Barabara ya kulipia huzungushiwa uzio ili mtu asiingie bila kulipa na ili magari yakimbie. Uzio huo hukata njia za miguu zilizokuwepo tangu zamani. Mwekezaji hujibu kwa daraja la waenda kwa miguu, na watu hawalitumii, kisha lawama huwaangukia wao kwamba hawana nidhamu. Tupime tuone.

Chini ya daraja inahitajika nafasi ya mita 5.5 ili malori yapite. Ukiongeza unene wa daraja, mtembea kwa miguu anapanda mita 6. Kwa ngazi za sentimita 15 hizo ni hatua 40 kupanda na 40 kushuka, na mzee, mjamzito au mwenye baiskeli amekwisha kuachwa chini. Kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, unaofaa kiti cha magurudumu, mita 6 zinahitaji mita 72 za njia, na ukiweka vipumzikio zinapita 80. Pande mbili ni zaidi ya mita 160, na upana wa barabara mita 40. Mtu anaombwa atembee mita 200 mahali ambapo macho yake yanaona mita 40. Uchunguzi wa Uingereza wa miaka ya 1960 ulikuta kwamba daraja la juu likichukua muda mara moja na nusu ya kuvuka moja kwa moja, karibu hakuna anayelipanda.

Njia ya chini humsaidia zaidi mtembeaji, kwa kuwa yeye anahitaji mita 2.5 hadi 3 tu za kimo. Barabara ikijengwa juu ya tuta la udongo, mtu anapita bila kupanda wala kushuka. Inahitaji vitu vitatu ili isigeuke handaki la kuogopwa: upana wa kutosha, mita 4 hivi, ili mwisho wake uonekane kabla ya kuingia, taa zenye mita ya umeme inayolipiwa na mwenye barabara, na sakafu iliyo juu ya mfereji wa jirani. Kama kuna mifugo, mikokoteni au trekta, vipimo vyake vitolewe na wanaovitumia, kwa maandishi, kabla ya michoro.

Kujua mahali pa kuweka vivuko ni rahisi. Simama siku moja ya kawaida na siku moja ya soko, tangu alfajiri hadi usiku, uhesabu wanaokata barabara na wapi wanakatia. Kama barabara imeshajengwa, tembea kando ya uzio ukiangalia matundu. Tundu linalozibwa na kukatwa tena mahali palepale linaonyesha pa kuweka kivuko, na kuendelea kuliziba ni kuwasukuma watu kuruka uzio gizani.

Maji

Tuta la barabara ni bwawa refu lenye matundu machache. Maji yaliyokuwa yakitambaa shambani kwa upana wa mita mia tatu sasa hulazimishwa kupita kwenye kalavati moja. Upande wa juu yanasimama; upande wa chini yanatoka kwa kasi na kuchimba korongo. Kalavati lenye ukubwa wa kutosha bado hushindwa kwa sababu mbili ndogo: kinywa kimezibwa na plastiki na matete, au mdomo wa kutolea hauna mawe ya kuvunja kasi.

Lililo baya zaidi ni mpaka. Mkataba humtaka mwenye barabara atunze mifereji ndani ya hifadhi ya barabara tu. Maji yanapovuka mstari huo yanakuwa ya mwenye shamba, ingawa aliyeyakusanya ni mwingine. Dai liandikwe hivi: mfereji wa kutolea maji ujengwe na kutunzwa hadi unapofika kwenye mto au mkondo wa asili, hata kama ni mita 400 nje ya hifadhi.

Biashara na ardhi

Gari linalokimbia nyuma ya uzio halisimami. Mgahawa, gereji, nyumba ya wageni na meza ya matunda vilivyoishi kwa wapita njia hupoteza wateja mara moja, na huwa havipati fidia, kwa sababu fidia huhesabu ukuta na ardhi iliyochukuliwa, si wateja. Duka linalowahudumia wakazi wenyewe linaweza kunufaika, barabara ya zamani ikitulia na watu wakaanza tena kutembea. Ardhi hupanda bei karibu na milango. Kati ya mlango na mlango hupanda kidogo sana. Mpangaji aliye karibu na mlango huiona faida hiyo kwa umbo la kodi iliyopanda.

Eneo la mapumziko ndilo la kupigania. Kwa kawaida hupewa mpangaji mmoja mkubwa, ambaye huleta bidhaa kutoka mbali. Omba mambo mawili: sehemu ya meza zitengwe kwa wazalishaji wa vijiji vya jirani kwa kodi inayojulikana, na pawe na lango la nyuma ili mkazi aingie kwa miguu kutoka mtaani kuuza au kununua. Haya yapo. Japani ina vituo vya kando ya barabara za kawaida vilivyoanza kusajiliwa mwaka 1993 na sasa vinazidi 1,200, vikiuza mazao ya wakulima wa hapohapo, na baadhi ya maeneo yake ya mapumziko kwenye barabara za kulipia yana malango ya nyuma ya namna hiyo.

Punguzo na mkataba

Punguzo kwa wakazi ni jambo jema lakini lina mpaka, na mpaka huzaa manung'uniko. Ureno mwaka 2010, ilipoanza kutoza barabara zilizokuwa bure, iliwapa wakazi na kampuni za eneo hilo safari 10 za kwanza za mwezi bila malipo, na asilimia 15 pungufu kwa zinazofuata. Kwenye kivuko cha Dartford, mashariki mwa London, wakazi wa maeneo mawili ya jirani wanaweza kulipa ada ya mwaka na kupita. Mbinu zote mbili humwacha nje mtu aliye mita 100 ng'ambo ya mstari. Mimi naona kuna jambo la kutangulia: mabasi ya abiria yasitozwe, au yatozwe kidogo kabisa. Jirani maskini zaidi hana gari la kupewa punguzo, ila nauli yake hupanda siku kibanda kinapofunguliwa.

Kisha soma kifungu cha ushindani. Mwaka 1995, katika Kaunti ya Orange, California, njia za kulipia zilifunguliwa katikati ya barabara ya SR 91. Mkataba uliizuia serikali kuboresha njia za bure zilizo kando yake, zisije zikawapunguzia wawekezaji wateja. Msongamano ukaongezeka na mikono ya umma ikiwa imefungwa, mpaka mamlaka ya usafiri ya kaunti ikanunua mkataba huo mwaka 2003 kwa dola milioni 207.5. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kukataza hata kuweka lami barabara ya kijiji. Kitafutwe kwa majina yake mengi: ulinzi wa mapato, barabara shindani, fidia ya mabadiliko.

Suala la njia mbadala nalo linapaswa kuwa mkatabani, kwa sababu mahali isipokuwepo, upinzani hauishi. Daraja la Skye huko Scotland lilifunguliwa 1995 na kuwa njia pekee ya barabara kuingia kisiwani, wakati huduma ya feri katika kivuko hicho ilikoma. Wakazi waligoma kulipa, wakashtakiwa, wakaendelea kugoma, hadi serikali ikaununua mkataba kwa takriban pauni milioni 27 na tozo ikafutwa Desemba 2004. Mkoani Gauteng, Afrika Kusini, tozo ya kielektroniki ilianza Desemba 2013 kwenye barabara ambazo watu walikuwa wakizitumia bure kwenda kazini. Wengi hawakulipa, na mfumo ukazimwa Aprili 2024.

Ushahidi wa kabla

Madai mengi ya wakazi huanguka kwa sababu moja: hakuna rekodi ya hali ilivyokuwa. Kuiandaa hakuhitaji mhandisi.

Hesabu magari kwenye kila njia ya kukwepa uliyochora, kwa siku saba mfululizo ikiwezekana, na kama watu ni wachache basi siku mbili za kazi, siku ya soko na usiku mmoja mzima. Andika kwa vipande vya dakika 15, ukitenganisha waenda kwa miguu, pikipiki, magari madogo, mabasi, malori ya ekseli mbili, na malori ya ekseli tatu kwenda juu. Rudia mwezi mmoja baada ya ufunguzi, kisha miezi sita, kisha mwaka, katika wiki ileile ya msimu. Piga picha kila ufa wa ukuta ukiwa umeweka rula kando yake, tarehe ionekane, kabla roli za kushindilia hazijafika. Pima kina cha maji kwenye visima kiangazi na masika. Nakala moja ikae kwa uongozi wa mtaa na nyingine iwasilishwe kwa mamlaka ya barabara kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaomzuia mtu kusema baadaye kwamba takwimu zilitungwa.

Kwa rekodi hiyo mtaa unaweza kudai kifungu chenye namba: malori mazito kwenye njia ya mtaa yakizidi idadi ya awali kwa kiwango kilichokubaliwa, tuseme asilimia 20, mwenye barabara agharamie ukarabati wa njia hiyo na apunguze tozo ya malori ya usiku. Bila namba, sentensi ya "mwekezaji atashirikiana na jamii" haidaiwi mahakamani.

Mikataba hii huisha. Ile ya AP-7 ya Hispania kati ya Tarragona na mpaka wa Ufaransa iliisha 31 Agosti 2021, vizuizi vikainuliwa, na magari yakarudi kwa wingi kwenye barabara ambayo milango yake ilikuwa imepangwa kwa watu wachache wanaolipa. Miaka mitano kabla ya tarehe ya makabidhiano ndipo ukaguzi wa pamoja unapopaswa kuanza, maana karibu na mwisho mwenye mkataba hana hamu ya kutengeneza kitu atakachokiacha. Orodha za makabidhiano hutaja lami, madaraja na mitambo ya kutoza. Wakazi wahakikishe zinataja pia kuta za kelele, taa za vivuko vya chini, uzio, na kila kalavati kwa namba yake.